Ndoa ya uzeeni nchini Tanzania

Ndoa ya uzeeni ni ndoa inayofungwa wakati mmoja wa wahusika, au wote wawili, wamekwisha kuvuka umri ambao jamii yao imezoea kuona watu wakioa na kuolewa, hasa baada ya miaka 50 au 60. Nchini Tanzania wengi wanaofunga ndoa ya namna hiyo ni wajane, wagane na watalikiwa. Wengine ni watu ambao hawakuwahi kuoa wala kuolewa, na wengine ni wenzi walioishi pamoja miaka mingi kwa makubaliano ya kimila kisha wakaamua kuandikisha ndoa yao au kuifunga kanisani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Katika sensa ya mwaka 2012 wazee walikuwa 2,507,568, yaani asilimia 5.6 ya wananchi wote.

Makala hii inaeleza sheria, dini na desturi zinazohusu ndoa hizo, kwa mfano wa wilaya za Kasulu na Kibondo katika mkoa wa Kigoma. Inaeleza pia jinsi mapenzi ya wazee yalivyoingia katika vipindi vya uhalisia vya televisheni.

Sababu

Sababu inayotajwa mara nyingi ni upweke. Mwenzi amefariki, watoto wamehamia mjini au wameolewa mbali, na anayebaki nyumbani hana wa kuzungumza naye jioni. Sababu nyingine ni msaada wa kila siku: kuchota maji, kutafuta kuni, kupika, kulima na kuuguzana. Katika kaya ya wakulima watu wawili wenye nguvu kidogo wanaweza kuendesha shamba ambalo mmoja peke yake angeliacha pori.

Kwa mwanamke usalama nao una uzito wake. Katika baadhi ya maeneo ya magharibi mwa Tanzania na ya kanda ya Ziwa, wanawake wazee wanaoishi peke yao wamewahi kutuhumiwa uchawi, kufukuzwa na hata kuuawa. Mara nyingine tuhuma hizo zimefuatana na ugomvi wa ardhi.

Kwa mtumishi aliyestaafu, umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60 na kwa hiari ni miaka 55. Kipindi hicho huja na kiinua mgongo na pensheni, na ndipo wengine hupata nafasi ya kufikiria maisha ya nyumbani upya. Fedha hizo pia ndizo zinazowatia watoto wasiwasi, kwamba anayekuja anafuata mali na si mtu.

Sheria

Tanzania Bara hufuata Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971, ambayo sasa ni Sura ya 29 ya Sheria za Tanzania. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar. Inaeleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu katika maisha yao yote. Umeweka umri wa chini wa kufunga ndoa, lakini hakuna umri wa juu: mtu wa miaka 80 ana haki ileile ya kuoa au kuolewa kama mtu wa miaka 30. Kibali cha watoto wake si sharti la ndoa.

Vifungu vinavyowagusa zaidi wanaofunga ndoa wakiwa na umri mkubwa ni hivi:

- Kifungu cha 16 kinataka kila mmoja aridhie kwa hiari yake.
- Kifungu cha 18 kinataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Katika muda huo mtu mwenye sababu ya kisheria anaweza kuweka pingamizi.
- Kifungu cha 58 kinasema ndoa haimnyang'anyi mtu mali aliyokuwa nayo kabla, wala haimpi mwenzake umiliki wake.
- Kifungu cha 59 kinamzuia mwenye nyumba ya familia kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi wake.
- Kifungu cha 68 kinasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mtu anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine, mradi tu mtu huyo asiwe ndugu ambaye sheria inakataza kuoana naye.
- Kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na watu kama mume na mke.

Dhana ya kifungu cha 160 inaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi, kwa mfano ikionyeshwa kwamba mmoja wao alikuwa bado na ndoa halali ya mke mmoja. Kwa sababu hiyo wazee wanaoishi pamoja bila cheti huwa katika hatari mmoja wao anapofariki. Anayebaki hulazimika kuthibitisha kwamba alikuwa mume au mke, na wanaopinga mara nyingi ni watoto wa marehemu.

Sheria inaruhusu ndoa ifungwe kiserikali, kidini au kimila. Usajili uko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na wilayani ndoa ya kiserikali hufungwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Dini

Ukristo na Uislamu havizuii ndoa ya wazee. Katika Biblia, Abrahamu alimwoa Ketura baada ya kifo cha Sara (Mwanzo 25:1), na Mtume Paulo aliandika kwamba mke aliyefiwa na mumewe ni huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana (1 Wakorintho 7:39). Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1084, inasema kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi, kwa hiyo waliovuka umri wa kuzaa wanaweza kufunga ndoa halali. Linalotakiwa ni uthibitisho kwamba kifungo cha ndoa ya kwanza kimekwisha.

Katika parokia nyingi za vijijini hutokea pia wenzi wazee waliooana kimila wakifunga ndoa kanisani pamoja na wengine, mara nyingi kwenye jubilei au ziara ya askofu. Wajukuu huwa mashahidi wa sherehe ambayo babu na bibi hawakuifanya ujanani.

Katika Uislamu, mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi (Kurani 2:234), na mtalikiwa aliyekoma hedhi hukaa miezi mitatu (65:4). Bibi Khadija alikuwa mjane alipoolewa na Mtume Muhammad, na Sauda binti Zam'a vilevile alikuwa mjane. Mifano hiyo hutumiwa sana na masheikhe wanapowaeleza watoto kwamba mama yao hafanyi aibu.

Kasulu na Kibondo

Kasulu na Kibondo ziko katika nyanda za juu za Kigoma, sehemu kubwa ikiwa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya Waha, ambao zamani walikuwa na tawala kadhaa chini ya watawala walioitwa mwami. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, na Muhambwe upande wa Kibondo. Wakazi wengi ni wakulima wa maharage, mahindi, mihogo na migomba. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa mzima wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967.

Ukoo na mahari

Waha hufuata ukoo wa baba. Ndoa zao zilichunguzwa na Johan Herman Scherer, ambaye kitabu chake juu ya ndoa na mahari katika nyanda za juu za Buha kilitoka mwaka 1965. Kama katika jamii nyingine za ukoo wa baba, mahari iliyotolewa na upande wa mwanamume iliwafanya watoto kuwa wa ukoo wake. Mjane aliyetaka kuolewa kwingine alijua kwamba watoto na shamba la marehemu vingebaki kwa wenyewe.

Kutokana na hali hiyo njia za mjane zilikuwa chache: kubaki kwa wanawe, kuwa chini ya ndugu wa marehemu, au kurudi kwa kaka zake. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kilibadilisha jambo hilo kisheria. Kwa vitendo swali la shamba limebaki gumu zaidi kuliko swali la mume.

Kuondoka kwa wanaume

Wakati wa ukoloni nyanda za juu za Kigoma zilikuwa chemchemi kubwa ya manamba waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 wakala wa wenye mashamba hayo, ulioitwa SILABU, uliwaandikisha watu huku bara. Wengine walirudi baada ya mkataba, wengine baada ya miaka mingi, na wengine hawakurudi kabisa. Waliorudi wakiwa watu wazima walikuta wake wameolewa, au walianza kutafuta mke wakati wenzao wa rika moja wana wajukuu.

Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani zikajikuta katika safu za nyumba, karibu na shule na zahanati, na watu wa koo mbalimbali wakawa majirani. Wilaya hizi pia zimepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu, iliyo Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na ile ya Nduta, iliyo Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Miongoni mwa wakimbizi wamo wazee waliopoteza wenzi wao katika vita au njiani, na ambao hawana cheti cha ndoa wala cha kifo.

Jinsi wenzi wanavyopatana

Mzee anayetafuta mwenzi kwa kawaida haanzi kwa kusema wazi. Hutumia mtu wa kati: dada, shemeji, rafiki wa rika lake au mzee wa kanisa. Mshenga huyo hupeleka salamu, huuliza kama mhusika yuko peke yake kweli, na huchunguza jambo ambalo kijana haulizwi: watoto wako wangapi, na wana tabia gani.

Mahali pa kuonana ni sokoni, kanisani au msikitini, kwenye misiba na harusi za wengine, na katika vikundi vya kuweka na kukopa. Kasulu ni makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, na karibu yake ipo misheni ya Kikatoliki ya Kabanga. Jumuiya ndogondogo na vikundi vya akina mama huwakutanisha wajane mara kwa mara.

Mahari ya mjane kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya msichana, na mara nyingine ni kitu cha heshima tu kwa kaka zake. Sherehe nayo huwa fupi. Mazungumzo marefu huwa juu ya makazi: nani atahamia kwa nani, nani atalima shamba linaloachwa, na atakayefariki kwanza atazikwa wapi, kando ya mwenzi wa kwanza au wa pili.

Katika televisheni ya uhalisia

Televisheni ya uhalisia ni aina ya vipindi ambavyo watu wa kawaida, si waigizaji, hurekodiwa wakiishi, wakishindana au wakichumbiana. Vipindi vya uchumba vimekuwa vikiwalenga vijana tangu mwanzo. The Bachelor, ambao mwanamume mmoja huchagua mchumba kati ya wanawake wengi kwa kuwapa maua ya waridi wanaobaki, ulianza katika kituo cha ABC cha Marekani mwaka 2002.

The Golden Bachelor

Tarehe 28 Septemba 2023 ABC ilianza kurusha The Golden Bachelor, wenye utaratibu uleule lakini kwa wazee. Mhusika mkuu alikuwa Gerry Turner, mgane wa miaka 72 kutoka Indiana, ambaye mkewe alifariki mwaka 2017. Wanawake 22 walioshiriki walikuwa na umri wa miaka 60 hadi 75. Wengi wao walikuwa wajane au watalikiwa, na mazungumzo yao yalihusu vifo vya wenzi, magonjwa, watoto na wajukuu, mambo yasiyosikika sana katika vipindi vya vijana.

Turner alimchagua Theresa Nist, mjane wa miaka 70 kutoka New Jersey. Walifunga ndoa mbele ya kamera tarehe 4 Januari 2024. Tarehe 12 Aprili mwaka huohuo, baada ya miezi mitatu tu, walitangaza kwamba wanaachana. Walieleza kwamba kila mmoja alitaka kuendelea kuishi karibu na familia yake, na hawakuweza kukubaliana mahali pa kuishi. Ni swali lilelile ambalo mshenga wa Kasulu hulimaliza kabla mahari haijatajwa. Katika kipindi kilichorekodiwa kwa wiki chache, liliachwa hadi baada ya harusi.

Vipindi vingine

Mwaka 2024 ulifuata The Golden Bachelorette, ambao mchaguzi alikuwa mwanamke: Joan Vassos wa Maryland, mjane wa miaka 61. Alimchagua Chock Chapple wa Kansas, aliyekuwa na miaka 60. Msimu wa pili wa The Golden Bachelor, uliorushwa mwaka 2025, ulikuwa wa Mel Owens, mwanasheria wa miaka 66 aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani.

Nchini Uingereza, My Mum, Your Dad ulirushwa na ITV kuanzia mwaka 2023. Wazazi walio peke yao huandikishwa na watoto wao wakubwa, na watoto hao huangalia kwa siri jinsi wazazi wao wanavyochumbiana. Farmer Wants a Wife, ulioanza Uingereza mwaka 2001 na kuigwa katika nchi nyingi, huwatafutia wenzi wakulima wanaoishi mbali na miji, baadhi yao wakiwa wameshapita ujana.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki vipindi vya uhalisia vimebaki zaidi kuwa vya vijana. Mtanzania Mwisho Mwampamba, aliyeshiriki Big Brother Africa mwaka 2003, alirudi mwaka 2010 katika toleo la nyota wa zamani na kumchumbia Mnamibia Meryl Shikwambane wakiwa ndani ya nyumba. Young, Famous & African wa Netflix, ulioanza mwaka 2022, umemwonyesha Mganda Zari Hassan, mama wa watoto watano, akizungumzia mapenzi na ndoa akiwa na zaidi ya miaka 40. Huo ni utu uzima, lakini bado si uzee.

Ndoa ya uzeeni iliyozungumzwa sana katika vyombo vya habari vya eneo hili haikutoka katika kipindi cha uhalisia. Mwaka 2003 Wambui Otieno wa Kenya, mpigania uhuru na mjane wa wakili S. M. Otieno, aliolewa akiwa na miaka 67 na Peter Mbugua, kijana wa chini ya miaka 30. Baadhi ya jamaa zake walipinga. Walibaki pamoja hadi Wambui alipofariki mwaka 2011.

Katika Kasulu na Kibondo redio imekuwa na nguvu kuliko televisheni kwa muda mrefu. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati wa wimbi la wakimbizi, husikika katika nyanda hizi. Kwa miaka mingi umeme wa miji ya Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa nao kabisa. Kadiri umeme, ving'amuzi na simu zenye intaneti vinavyoenea, vipindi kutoka nje vinaonekana hata katika vibanda vya video na majumbani.

Vipindi hivi husifiwa kwa kuonyesha kwamba mzee ana moyo kama mtu mwingine. Hukosolewa kwa kuharakisha uamuzi mzito, kuchagua wazee wenye afya na fedha pekee, na kuanika mbele ya watu mambo ambayo desturi huyapeleka kwa mshenga kwa siri.

Mali na mirathi

Ugomvi mkubwa katika ndoa za uzeeni huja baada ya kifo. Nchini Tanzania mirathi hufuata sheria zaidi ya moja:

- Kwa sheria ya Kiislamu, mke hupata thumni (1/8) marehemu akiwa na watoto na robo (1/4) asipokuwa nao. Mume hupata robo marehemu akiwa na watoto na nusu asipokuwa nao.
- Kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado hutumika kwa wasiofuata mila wala sheria ya Kiislamu, mjane hupata theluthi (1/3) marehemu akiwa na watoto.
- Kwa sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963 kwa wilaya nyingi za ukoo wa baba, mjane hana fungu katika urithi wa mumewe. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao.

Kanuni ya mwisho ni nzito kwa mwanamke aliyeolewa uzeeni. Watoto wa marehemu si aliowazaa wala kuwalea, kwa hiyo hawana deni la kumtunza. Anaweza kutolewa katika nyumba aliyoishi miaka kumi wakati hana tena nguvu ya kuanza kwingine.

Mahakama zimetoa kinga kadhaa. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa inapogawanywa wakati wa talaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Wosia husaidia, lakini haumalizi kila ugomvi. Mfanyabiashara Reginald Mengi, mwanzilishi wa kituo cha ITV, alimwoa Jacqueline Ntuyabaliwe mwaka 2015 akiwa na zaidi ya miaka 70, na alifariki mwaka 2019. Mwezi Mei 2021 Mahakama Kuu ilikataa wosia uliodaiwa kuwa wake, baada ya watoto wakubwa kuupinga.

Hatua zinazopunguza ugomvi ni kusajili ndoa, kuandika wosia na kuuhifadhi RITA, kutenganisha kwa maandishi mali ya kila mmoja ya kabla ya ndoa na ile wanayoichuma pamoja, na kuandikisha hati ya kimila ya shamba kwa majina ya wote wawili pale wanapolimiliki pamoja. Anayestaafu hutakiwa kurekebisha orodha ya wategemezi wake katika mfuko wa pensheni. Wasiomudu wakili wanaweza kuwatumia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Afya

Wazee wanaoanza uhusiano mpya hawafikirii sana virusi vya UKIMWI, wakidhani ni jambo la vijana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi hivyo. Anayemwoa mjane au mgane mara nyingi hajui mwenzi wa kwanza alifariki kwa ugonjwa gani. Kwa hiyo makanisa mengi huwashauri wachumba wa umri wowote wapime pamoja kabla ya ndoa. Shinikizo la damu na kisukari navyo vinafaa kujulikana mapema, kwa kuwa mwenzi ndiye atakayekuwa muuguzi wa kwanza.

Tazama pia

- Ndoa
- Mahari
- Mirathi
- Waha
- Wilaya ya Kasulu
- Wilaya ya Kibondo
- Televisheni